Herufi Kumi na Nne za Papa Hemedi

Saa mbili na robo asubuhi, ndani ya chumba cha nyuma cha kituo cha afya kimoja karibu na Wamaza, Hemedi Saleh Feruzi amesimama mlangoni, mikono ameifumbata mgongoni. Kiti ni kimoja tu humo chumbani, na leo hakukikalia. Amemwachia Naomie Kitoga, muuguzi mkuu wa kituo, anayeiangalia kompyuta iliyo mbele yake kama mtu anayemwangalia mbwa asiyemjua.

"Papa, kuja ukae wewe," Naomie anasema bila kugeuka. "Mie naogopa kuiharibu."

"Mie niko mugeni leo, mama. Endelea."

Naomie anachomeka flashi ubavuni mwa kompyuta, anabofya mara moja, kisha anaondoa mkono haraka. Kwenye kioo panatokea mstari mwembamba wa kijani. Unaanza kurefuka polepole.

"Haikuomba modepasi," anasema.

"Haitaomba."

Dakika ishirini na mbili baadaye programu inayoandikisha wagonjwa na dawa za kituo imekuwa mpya, na Naomie hajaandika hata herufi moja ya siri. Hemedi anatoka nje. Anakwenda kuinama kando ya pikipiki yake, anajifanya anakagua mnyororo. Mnyororo hauna tatizo lolote.

Hiki ni kituo cha kumi na tatu. Vimebaki sita.

Hemedi ana miaka 54. Ni fundi wa kompyuta wa vituo kumi na tisa vya afya na hospitali, kuanzia Kasongo hadi Kabambare. Mahali pengi kompyuta ni moja tu, inategemea paneli ya jua iliyo juu ya bati. Wauguzi wanaitumia kila siku, lakini hawana ruhusa ya kubadilisha kitu ndani yake. Ukitaka kuweka programu mpya, au kuisasisha iliyopo, kompyuta inaomba jina na neno la siri la msimamizi, ambalo huku kila mtu analiita modepasi. Kwa miaka mingi msimamizi alikuwa mtu mmoja.

"Chukulia depo ya dawa hospitalini," Hemedi anaeleza. "Munganga anapewa dawa za kutibu wagonjwa wake. Lakini funguo ya depo haizunguki mikononi mwa watu wote. Njo vilevile na kompyuta. Kila mutu akiweza kuingiza anachotaka, kesho hautajua nani aliingiza sumu."

Anasema hivyo kwa upole, akisugua paji la uso. Maelezo hayo ameyatoa mara nyingi, na anajua gharama yake.

Alizaliwa Kasongo, katika familia ya Waislamu wa mjini. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Mwaka 1994 ofisi ya afya ilimchukua kuendesha redio ya mawasiliano, ile inayoitwa foni. Kila Jumatatu alikaa na kipaza sauti akipokea hesabu za wagonjwa kutoka vituoni: surua wangapi, kipindupindu wangapi, waliofariki wangapi. Wakati wa vita, kuna wiki ambazo sauti za redio hiyo zilikuwa kitu pekee kilichotoka Kabambare na kufika Kasongo.

"Nilijua majina ya waganga wote kwa sauti, sura zao sikuzijua," anakumbuka. "Siku sauti moja inanyamaza, tulikuwa tunangoja wiki mbili, halafu tunafuta jina."

Kompyuta zilipokuja, alipelekwa Kindu kwa mafunzo ya wiki sita. Alikuwa mzee kuliko wanafunzi wenzake wote. Alirudi na cheti, na begi, na cheo ambacho hakikuongeza mshahara. Hata leo hayumo kwenye orodha ya malipo ya serikali. Anapata posho ya dola 110 kwa mwezi, na mara nyingi hufika baada ya miezi mitatu. Mke wake, Rehema, ndiye anayeifanya nyumba ya watu saba isimame, kwa shamba lao la mpunga nje kidogo ya mji.

Mwanzoni Hemedi hakuwa mkali na neno la siri. Miaka saba iliyopita, Magloire, muuguzi wa Lusangi, alimpigia simu kwamba mashine ya kuchapisha imeletwa na kompyuta inakataa kuipokea. Magloire ni mtu mwaminifu, na safari ya kwenda Lusangi kwa ajili ya kubofya mara mbili ilionekana upuuzi. Hemedi akamtajia neno kwenye simu. Magloire akaliandika kwa chaki kwenye mbao za ukuta, nyuma ya kompyuta, asilisahau.

Watu waliofika kituoni kuchaji simu waliliona. Mmoja akaweka mchezo wa mpira. Mwingine akaleta filamu. Baada ya miezi minne kompyuta ilishikwa na virusi, na asubuhi moja haikufunguka tena. Ndani yake kulikuwa na orodha ya wagonjwa themanini na watatu wa kifua kikuu waliokuwa katikati ya dozi, wengi wao wachimbaji wanaohama kutoka shimo hadi shimo.

"Nilikwenda mwenyewe," Hemedi anasema. "Magloire na mie tulitembea siku kumi na saba kwenye machimbo, tunauliza: nani anakohoa hapa, nani alikuwa anameza vidonge vyekundu. Tulipata sabini na saba."

Na wale sita?

"Wale sita sijuwi mpaka leo."

Baada ya hapo ofisi ilitoa amri. Neno la siri likabadilishwa, likawa na herufi kumi na nne. Nakala moja iliwekwa kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sanduku la chuma la ofisi ya Kasongo, nyingine ilibaki kichwani mwa Hemedi. Alitia sahihi karatasi kwamba hatalitamka mbele ya mtu yeyote, wala kwenye simu. Hakulazimishwa. Anasema siku ile angetia sahihi hata mara tatu.

Na kwa zaidi ya miaka minne alitimiza ahadi. Kila mara kompyuta ilipohitaji kitu kipya, mtu alipiga simu na Hemedi akapanda pikipiki. Watu wa njiani walimpa jina la Papa Modepasi. Wengine walilisema kwa heshima, wengine kwa kero, kwa sababu ukimwita Jumatatu unaweza kumwona Jumatatu ya pili.

Kisha ikaja Machi ya mwaka juzi.

Katika hospitali moja ya eneo la Kabambare kuna mashine ya kupima kifua kikuu, yenye ukubwa wa sanduku la nguo, inayoongozwa na kompyuta. Mashine hiyo inaweza kusema kwa muda wa saa mbili kama makohozi yana ugonjwa, na kama ugonjwa huo ni ule sugu usiosikia dawa za kawaida. Kila kipimo kinahitaji kikasha kidogo cha plastiki kinachoitwa kartriji. Kartriji za zamani ziliisha. Zikaletwa za aina mpya, mia mbili, na ndani ya katoni mlikuwa na diski ya kusasisha programu. Bila kusasisha, kompyuta haikuzitambua.

Aliyekuwa maabara ni Laura Mwamini, mwenye miaka 29. Aliingiza diski. Kompyuta ikaomba jina na neno la siri la msimamizi. Laura akapanda kilima cha nyuma ya misheni, mahali pekee penye mtandao, akampigia Hemedi aliyekuwa Kasongo. Mazungumzo hayo wote wawili wanayakumbuka vilevile, kila mtu kwa upande wake.

"Papa Hemedi, mashine imekataa kartriji mupya. Inaomba modepasi."

"Nakuja, mama. Siku tatu."

"Papa, mvua iko mingi huku. Ungenitajia tu. Sitaandika. Nitaishika kwa kichwa."

"Hapana, mama. Nilishatajia mutu mara moja."

"Kuko wagonjwa kumi na wawili wanangoja. Mumoja alishatibiwa mwaka jana, ugonjwa umemurudia. Dokta anasema bila mashine hawezi kujua amupe dawa gani."

"Siku tatu," Hemedi alirudia. "Nikiwa hai, siku tatu."

Zilikuwa siku kumi na moja.

Siku ya kwanza alikwenda vizuri. Siku ya pili mvua ilinyesha tangu alfajiri, na daraja la magogo ambalo alilivuka mara mia likawa limechukuliwa na maji. Alisubiri siku mbili hadi vijana wa kijiji walipofunga mtumbwi wa kuvusha pikipiki. Upande wa pili, askari walikuwa wamefunga barabara kwa sababu ya watu wenye silaha walioonekana msituni. Hapo alikaa siku nyingine. Kisha gurudumu la nyuma likavunjika waya, akaisukuma pikipiki karibu kilomita kumi na nane kwenye matope.

Siku ya sita alikuwa karibu na Wamaza, juu ya mlima, na simu yake ikaonyesha mtandao.

Hapa mwandishi anapomwambia Hemedi si lazima aendelee, anatikisa kichwa.

"Nilikuwa na mtandao," anasema. "Ilikuwa jioni, saa Laura anapanda kilima kutafuta mtandao. Nilitafuta jina lake. Nikabonyeza. Ikaita mara moja, nikakata. Nikasema moyoni: ukishatoa leo, utatoa na kesho. Nilifikiri wale sita wa Lusangi. Nikaweka simu mufukoni, nikaendelea kusukuma. Njia iliyobaki ilinikula siku tano."

Mgonjwa ambaye ugonjwa ulimrudia aliitwa Yvette. Alikuwa na miaka 26, mke wa mkulima mmoja wa mihogo na karanga aitwaye Placide, mama wa watoto wawili. Placide alikuwa amembeba kwenye pikipiki ya kukodi kutoka kijijini mwao, mwendo wa siku nzima, akiwa amemfunga kwake kwa kitenge asianguke. Kila asubuhi alikwenda dirishani pa maabara kumuuliza Laura kama fundi amefika. Laura anasema ilifika siku alipomwona Placide anakuja, akajificha nyuma ya friji.

Yvette alifariki Jumanne. Hemedi aliingia hospitalini Alhamisi saa tisa alasiri, matope hadi kiunoni.

Hakuna aliyemwambia mara moja. Laura alimpa maji ya kunawa na kumwonyesha kompyuta. Hemedi akakaa, akaandika herufi zake kumi na nne, akasubiri. Kazi yote ilichukua dakika arobaini. Kartriji ya kwanza ikakubaliwa. Ndipo alipouliza: "Yule mugonjwa wako wa kurudiwa, tuanze na yeye?"

Laura akamwambia.

Walipima makohozi ya Yvette hata hivyo, yaliyochukuliwa Jumapili iliyotangulia, kwa sababu daktari alitaka kujua kama familia yake iko hatarini. Jibu lilikuwa kifua kikuu sugu.

Daktari wa hospitali hiyo, Hervé Lumumba Kisubi, anasema amejaribu mara nyingi kumwondolea Hemedi mzigo ule. "Dawa za ugonjwa sugu hatukuwa nazo. Zingetoka Kindu, wiki mbili kama njia ni nzuri. Yvette alifika kwetu akiwa amechelewa sana. Siwezi kusema angepona, na hakuna daktari mkweli atakayesema hivyo."

Hemedi anaijua hesabu hiyo. Ameifanya mwenyewe.

"Dokta ananifariji," anasema. "Lakini kama ningetaja, zile dawa zingeanza safari siku ya kwanza. Zingefika au zisingefika, hiyo ni ya Mungu. Kuanza safari ilikuwa juu yangu."

Kesho yake asubuhi Placide aliitwa kupimwa pamoja na watoto. Alikuwa amemzika mkewe siku mbili kabla, kwenye makaburi ya misheni, kwa sababu hakuwa na njia ya kumrudisha nyumbani. Alimkuta Hemedi amekaa kwenye benchi la nje ya maabara. Mtu fulani alikuwa amemwambia huyu ndiye.

Placide akaketi kando yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa:

"Papa, iyo modepasi iko na maneno ngapi?"

"Ni neno moja. Herufi kumi na ine."

"Bibi yangu alikuwa anangoja herufi kumi na ine?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa nazo kwa kichwa, njia yote?"

"Nilikuwa nazo."

Placide aliangalia chini. Hemedi anasema alikuwa tayari kupigwa, na kwamba kupigwa kungekuwa rahisi kwake. Mwishowe Placide alisema: "Walinieleza kwa nini haukutaja. Nimesikia. Lakini tafuta namna ingine, papa. Isikuwe tena hivi kwa mutu mwingine."

Akaingia ndani kupimwa. Watoto walikuwa salama. Yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa, uleule sugu, ukiwa bado mchanga.

Hemedi alirudi Kasongo na kuandika barua ya kuacha kazi. Aliipeleka kwa Aziza Ramazani, mkuu wa takwimu katika ofisi yake, ambaye walifanya kazi pamoja tangu enzi za foni. Aziza aliisoma, akaikunja, akamrudishia.

"Ukienda, funguo nitampa mwingine," alimwambia. "Na yeye atafika kwenye daraja lilelile."

"Basi tuwape wote."

"Ulishasahau Lusangi?"

"Sikusahau."

"Basi kaa ufikiri, bwana Hemedi. Barua utaandika siku yoyote."

Alifikiri kwa wiki kadhaa. Rehema anasema mume wake alikuwa anakula bila kuangalia sahani. Jambo lililomkaa kichwani lilikuwa maneno ya Placide: namna nyingine. Alianza kuuliza mafundi wenzake wa Kindu na Bukavu kila alipopata mtandao, akasoma maelezo kwa Kifaransa usichoweza kukiita rahisi, na polepole akaona mlango.

Si lazima msimamizi awepo siku ya kusasisha. Anaweza kuja mara moja, akaiachia kompyuta mtumishi: programu ndogo inayofanya kazi ndani kwa ndani kwa mamlaka ya msimamizi. Mtumishi huyo anaangalia kabrasha moja tu. Akikuta humo kifurushi chenye muhuri wa kidijitali wa ofisi ya Kasongo, ulio na tarehe yake, anakifungua na kukiweka mwenyewe, bila kumuuliza mtu neno la siri. Kikiwa hakina muhuri, hata kama ni mchezo wa mpira, anakikataa. Muuguzi kazi yake ni kuchomeka flashi na kubofya. Hajui siri yoyote, kwa hiyo hana siri ya kuandika ukutani.

Kuelewa ni jambo moja. Aziza alimpa kompyuta moja kuukuu ya kujaribia, na jaribio la kwanza liliiua: mawingu yalikuja, umeme wa jua ukakatika katikati ya kusasisha, na asubuhi haikuwaka. Akamfundisha mtumishi wake asianze kazi kabla betri haijafika nusu na zaidi. Jaribio jingine lilishindikana mara tisa bila sababu iliyoonekana. Kila kitu kilikuwa sawa, muhuri ulikuwa halali, na kompyuta ikaukataa.

Ni Rehema aliyeiona sababu, alipomletea chai ofisini. Aliuliza kwa nini saa ya kompyuta inasema ni mwaka 2009. Kijibetri kidogo cha ndani, cha duara kama shilingi, kilikuwa kimekufa, na kila ilipozimwa kompyuta ilirudi nyuma miaka kumi na mitano. Kwake muhuri ule ulikuwa haujatengenezwa bado. Tangu siku hiyo Hemedi hasafiri bila vijibetri hivyo, amevifunga kwenye kitambaa.

Kibali ndicho kilichochelewa. Wakubwa wa mkoa waliogopa, na Hemedi hawalaumu. Waliomba maelezo mara tatu. Mara ya tatu Aziza alikwenda Kindu mwenyewe, akaonyesha karatasi mbili: orodha ya Lusangi yenye nafasi sita tupu, na ukurasa wa daftari la maabara wa Machi ile. Ilichukua miezi mitano kwa jumla. Hospitali ya Laura ikawa ya kwanza kuwekewa.

Hemedi hakujua kama ameweza mpaka Julai ya mwaka jana. Kartriji zilibadilishwa tena, na diski mpya, yenye muhuri wa Kasongo, ikapelekwa Kabambare na dereva wa pikipiki wa kawaida, ndani ya bahasha. Yeye alikuwa shambani na Rehema, wakitayarisha ardhi ya mpunga. Jioni moja aliposhuka mjini, simu yake ilipokea ujumbe uliotumwa siku tatu kabla:

"Papa Hemedi, diski ilifika juzi. Nilisasisha mwenyewe, mashine inapokea. Tumepima watu tisa. Salamia mama Rehema. Laura."

"Nilisoma mara ya pili," Hemedi anasema. "Nilitaka kumuuliza mutu kama ni kweli. Halafu nikaona nani nitamuuliza? Kazi ilishafanyika siku tatu mie nikiwa na jembe."

Placide alimaliza dawa zake mwanzoni mwa mwaka jana. Mwandishi alimkuta kijijini mwake, amekonda lakini ana nguvu, anavuna karanga na dada yake anayemsaidia kulea watoto. Hakupenda kuzungumza sana.

"Mie siko na neno naye," alisema juu ya Hemedi. "Kila mwaka anapita hapa kunisalimia. Anakaa, tunakula, anaenda. Hatuzungumuzi ile habari. Lakini mwaka huu aliniambia, ile namna ingine nimeipata. Nilimwambia, asante."

Pale Wamaza jua limepanda. Naomie amekwisha kuwaita wauguzi wenzake wawili, anawaonyesha mahali pa kuchomeka flashi, akiwaeleza kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo hilo miaka mingi. Mmoja anauliza itakuwaje wakiingiza kitu kisichofaa. "Itakataa," Naomie anajibu. "Jaribu uone." Wanajaribu na wimbo wa kwaya. Kompyuta inakataa. Wanacheka kidogo, kisha wanarudi kwa wagonjwa waliojaa barazani.

Hemedi anafunga begi lake. Anakusudia kumaliza vituo sita vilivyobaki kabla njia hazijaharibika tena. Kinachofuata ni Lusangi. Magloire bado yuko kazini huko, nywele zimekwisha kuwa nyeupe, na alipopigiwa simu kwamba Hemedi anakuja aliuliza mara mbili kama ni kweli hatapewa neno la kushika.

Amewaomba wakubwa wampatie mafundi wawili vijana awafundishe kutengeneza muhuri na vifurushi, mmoja Kasongo na mmoja Kabambare. Jibu bado. Shinikizo la damu linamsumbua, na Rehema amemwambia wazi kwamba msimu ujao wa mpunga anamtaka shambani tangu siku ya kwanza.

Mwandishi anamuuliza atajuaje kwamba kazi imekwisha.

Anafikiri huku akivaa kofia ya pikipiki iliyopasuka upande mmoja.

"Simu," anasema. "Miaka yote hii, simu ikilia ninashituka, najua kuko mahali watu wananingoja. Wakiacha kunipigia, nitajua."